Maswali Yenu: Droni Zitapishana Vipi Huko Juu?

Habari zenu wasomaji. Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya kuongoza safari za droni kwenye anga la chini, yaani kuanzia ardhini mpaka kama mita 120 hivi, na meseji zimemiminika, nyingine za hasira kabisa. Nimechagua hizi saba, zilizofanana nimeziunganisha, na majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi napiga video za harusi hapa Dar, droni yangu ni ile ndogo kabisa haifiki hata robo kilo na sipandi zaidi ya mita 80. Sasa huu usumbufu wa vibali na sijui kutangaza safari ni wa nini jamani? Madege yako huko juu kilomita kumi, kwani huku chini kuna nani? (Mpiga picha, Mbezi)

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na sikulaumu maana hili ndio swali la wengi. Ila hapo kwenye "huku chini kuna nani" ndipo penyewe hasa. Kwa kanuni za kimataifa rubani anayeruka kwa kutazama kwa macho hatakiwi kushuka chini ya mita 150 kutoka ardhini, na juu ya mji uliobanana ni mita 300. Droni nazo nchi nyingi zimewekewa mwisho mita 120, ndio zile futi 400 unazozisikia. Kwahiyo kwenye karatasi kuna pengo la mita 30 na kila mtu ana kwake. Lakini ndege inayotua lazima ipite kwenye hizo mita zako 80 maana hakuna njia nyingine ya kufika chini, na hapo Dar zile ndege ndogo za Caravan za kwenda Zanzibar zinapanda na kushuka kutwa nzima. Helikopta ya wagonjwa inatua popote penye uwazi, hata uwanja wa mpira. Nzige wa jangwani walipoivamia Kenya mwaka 2020 ndege za kunyunyizia sumu zilikuwa zinapiga kazi chini kabisa, karibu na miti. Hao wote wana ruhusa ya kuwa huko chini na hao wote wamebeba watu.

Na hilo la kwamba droni yako ni ndogo, naomba usome hii taratibu. Januari 2025 Los Angeles ilikuwa inaungua, ule moto wa Palisades, na ndege za kuzima moto kutoka Quebec, Kanada, zilikuwa zinasaidia, zile CL-415 ambazo zinateka maji baharini huku zinakimbia. Tarehe 9 jamaa mmoja akapanda mpaka juu kabisa ya jengo la kuegesha magari pale Santa Monica akarusha droni yake akaangalie moto, akaiachia iende zaidi ya kilomita mbili na nusu mpaka yeye mwenyewe akawa haioni tena, anatazama skrini tu. Ikaligonga bawa la kushoto la mojawapo ya ndege hizo. Marubani walitua salama namshukuru Mungu, lakini bawani kulikuwa na tundu la kama sentimita 8 kwa 15 na ndege ikawekwa chini kwa matengenezo wakati nyumba za watu zinateketea. Ilikuwa droni ndogo tu ya dukani, ya kundi hilo hilo la yako. Jamaa alikiri kosa akakubali kulipa gharama, zaidi ya dola 65,000. Tena anga la eneo lile lilikuwa limefungwa rasmi na taarifa ilishatolewa, yeye aliruka tu bila kuangalia.

Pale ulipo na haki ni kwenye muda. Kibali kinachofika harusi imeshakwisha hakimsaidii mtu, na kinawafanya watu wazuri waruke kimya kimya bila kumwambia yeyote, na hapo usalama ndio unazidi kupotea. Marekani tangu 2018 wana mfumo unaitwa LAANC, ramani ya maeneo ya viwanja vya ndege imekatwa viboksi na kila kiboksi kimeandikwa mwisho wake wa kupanda, hapa sifuri, hapa futi 100, hapa 400, unaomba kwa simu na kama uko chini ya huo mwisho jibu linakuja ndani ya sekunde. Hakuna mtu anayekaa kusoma fomu yako. Hiki ndicho cha kuwadai wakubwa wetu, kibali cha haraka, maana kibali kikiwa chepesi kila mtu ataomba na kila mtu ataonekana.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi. Viwanja vina rada na waongoza ndege wapo, kwanini hao hao wasiziongoze na droni? Na kama haiwezekani basi droni zinajuana vipi zisigongane? Naomba unieleze kiufundi, usinirukie. (Arusha)

JIBU: Marahaba. Sikuruki, hili ndilo nililolisubiri.

Kwanza rada. Mawimbi yake yanakwenda mstari ulionyooka, kwahiyo kilima, ghorofa, hata mviringo wa dunia wenyewe unakificha kilicho chini. Halafu droni ni kiplastiki kidogo kinachokwenda taratibu, kwa rada hakina tofauti na kunguru, na rada nyingi zimepangwa makusudi zichuje vitu vya namna hiyo la sivyo skrini ya mwongoza ndege ingejaa kunguru. Utasema basi droni zijitangaze zenyewe kama ndege kubwa, zile zinazorusha mahali zilipo kwa masafa ya megahezi 1090. Hapo shida ni wingi. Masafa yale yalipangiwa idadi ya ndege zinazojulikana, ukiweka na droni elfu kadhaa juu ya mji mmoja zinapiga kelele pamoja, zile zenye abiria zinaweza zisisikike. Marekani wamezikataza droni ndogo kutumia njia hiyo. Na tatu ni mwongoza ndege mwenyewe, kazi yake ni kuongea na rubani mmoja mmoja kwa redio, panda, shuka, geuka kulia. Droni inayojiendesha utaiambia nini, na aliye nyuma yake pengine anasimamia ishirini kwa mpigo.

Kwahiyo kuanzia kama 2015 watu wa NASA kule California wakaanza kujaribu njia nyingine, wakaijaribu kwa ngazi nne mpaka 2019 walipomalizia juu ya miji kabisa, Reno na Corpus Christi. Wazo lao ni kwamba droni zisiongozwe na mtu mmoja aliyekaa mnarani, bali waendeshaji wenyewe waambizane kabla ya kuruka, kompyuta kwa kompyuta, na mamlaka ya anga iweke sheria na iweze kuchungulia muda wowote.

Sasa tuchukue mfano wa kwako hapo hapo Arusha, wa kufikirika lakini kanuni zake ni za kweli. Kampuni ya kwanza inataka kupeleka dawa kutoka mjini mpaka Usa River saa nne asubuhi. Haitumi mstari tu kwenye ramani, inatuma maboksi ya hewa yaliyopangwa moja baada ya jingine, kila boksi lina pembe zake, lina chini yake na juu yake, mathalani mita 70 mpaka 100, na lina saa yake ya kuanza na ya kuisha. Boksi la kwanza ni la saa nne kamili mpaka saa nne na dakika mbili, la pili linaanza kabla la kwanza halijaisha, hivyo hivyo mpaka mwisho. Lina upana kiasi maana upepo unasukuma na GPS ina makosa yake. Kampuni ya pili inataka kukagua nguzo za umeme njia hiyo hiyo. Nayo kabla ya kuruka inaiuliza seva ya pamoja, kuna mtu amechukua hewa hii muda huu? Na hapa pana kitu ambacho mimi nimekipenda sana, ile seva ya pamoja haitunzi undani wa safari ya mtu, inachojua ni kwamba fulani ana kitu upande huu, inakupa anwani yake ukamuulize mwenyewe, mifumo yenu inapeana zile boksi moja kwa moja. Kwa hiyo hakuna kampuni inayokaa juu ya wenzake ikijua biashara za wote. Ni kama ukumbi wa harusi, aliyewahi kuandikisha Jumamosi ndiye mwenye Jumamosi, wa pili anachagua siku nyingine au ukumbi mwingine, ila akija mwenye dharura ya kuokoa maisha wote mnampisha.

Ikishakubaliwa safari inakuwa na hali zake. Imekubaliwa, halafu imeanza, halafu ikitoka nje ya boksi lake inabadilika inakuwa imekwenda kombo, na mifumo ya wenye safari jirani inapata habari palepale. Ikishindikana kabisa kuirudisha inaingia hali ya dharura na mwenyewe anatangaza eneo lote ambalo droni yake inaweza kuishia, wengine wakae mbali. Hiyo ndio roho ya mfumo, kwamba hata kushindwa kunatangazwa.

Ulaya wameliandikia sheria kabisa, wanaita U-space, ilianza kutumika 26 Januari 2023 na nchi ikitangaza eneo la U-space ni lazima pawepo huduma nne: kuitambua droni kupitia mtandao, kumpa mrushaji habari za maeneo yaliyozuiwa, kuidhinisha safari, na kumwonyesha trafiki nyingine iliyo karibu. Marekani Julai 2024 wakaziruhusu kampuni mbili, Zipline na Wing, kupeleka mizigo kwenye anga moja upande wa Dallas bila mtu wa kusimama chini kuangalia kwa macho, wanapishana kwa huo mfumo wa kuambizana niliokueleza.

Usidhani umemaliza kila kitu. Mfumo unajua kilichotangazwa tu. Oktoba 2025 huko Tolleson, Arizona, droni mbili za Amazon zilizokuwa zinapeleka mizigo ziligonga kreni ya ujenzi, zote mbili kreni hiyo hiyo. Kreni haitumi boksi kwa mtu. Angalia mwenyewe kreni zilivyosimama Kariakoo na Upanga, leo haipo kesho ipo, halafu ujiulize nani anaziingiza kwenye ramani. Ukitafuta mradi wa mwaka wa mwisho, mimi ningekushauri huo.

SWALI: Nikiwa Lushoto apu iliniambia niko mita 100 lakini mwenzangu akasema nimevunja sheria niko zaidi ya mita 300. Nani mkweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Wote wakweli na hapo ndipo hatari ilipo. Droni nyingi za kawaida zinahesabu urefu kuanzia pale ulipoirushia. Umesimama ukingoni mwa mlima, umeipandisha mita 100, sawa, ukaisukuma mbele juu ya bonde, ardhi imeshuka mita mia mbili na zaidi lakini namba kwenye skrini haijabadilika, bado 100. Sheria inahesabu kutoka kwenye ardhi iliyo chini ya droni, sio chini ya miguu yako.

Na kwenye kupishana jambo hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, mimi naona ndio kazi ngumu kuliko hata programu zenyewe. Ndege yenye rubani inasoma urefu kwa mgandamizo wa hewa ambao unabadilika kila siku na hali ya hewa. GPS inapima kutoka kwenye umbo la dunia la kihesabu, ambalo sio usawa wa bahari, tofauti yake inaweza kufika makumi ya mita. Apu yako inapima kutoka uliposimama. Watu watatu wanasema "niko mita 100" na hawapo mahali pamoja. Ndio maana waliotengeneza mfumo wamekubaliana kila boksi litumie kipimo kimoja na kila mtu abadilishe kwa upande wake. Wewe kwa sasa, ukiwa milimani, kaa juu ya mteremko ule ule uliosimama au shuka nayo kadiri ardhi inavyoshuka.

SWALI: Hamjambo. Kuna kidroni kinapita juu ya ua wangu jioni, tumekaa na mabinti zangu vichwa wazi nyumbani kwetu. Mjukuu wangu anataka kukipiga manati. Nifanyeje? (Mama, Mombasa)

JIBU: Hatujambo mama, shikamoo, na pole sana kwa hilo, ua wa mtu ni stara yake na wewe hujakosea kukasirika. Lakini tafadhali mzuie mjukuu. Kikianguka kinaweza kumwangukia mtoto, na betri zile zikipasuka zinawaka moto mbaya sana, halafu kesi inageuka inakuwa yenu. Andika saa na upande kinakotokea na kinakorudi, kikipigwa picha kwa simu ni bora zaidi, maana droni ndogo hazikai hewani muda mrefu, mwenyewe huwa yuko mitaa ya karibu. Peleka kwa mzee wa mtaa na polisi, na mamlaka ya anga ya Kenya, KCAA, maana kwa kanuni za 2020 droni zinatakiwa kuandikishwa. Picha za watu nyumbani kwao zinaguswa pia na sheria ya kulinda data ya 2019.

Mama, shida unayoipata ni kwamba leo droni inapita na hakuna anayeweza kukwambia ni ya nani. Hilo ndilo linalonipeleka kwenye barua inayofuata.

SWALI: Naskia droni zitafungwa kitambulisho kinachorusha habari zake hewani. Sasa mimi nikiwa peke yangu porini na mashine ya milioni kadhaa, si ni kuwaita wezi? (Mrusha droni, Nakuru)

JIBU: Wasiwasi wako una msingi na nisingependa mtu akufiche. Marekani hiki kitu ni lazima kwa warushaji tangu 16 Septemba 2023, na wakaanza kukikazia Machi 2024. Droni inarusha kwa Wi-Fi au Bluetooth namba yake, mahali ilipo, urefu, mwendo, na pia mahali alipo mwenye rimoti, au kama ni kifaa cha kubandika basi pale iliporukia. Mtu yeyote aliye karibu mwenye simu na apu inayofaa anaweza kuyasoma. Jina lako na simu yako havirushwi, hayo yako kwa mamlaka tu.

Kwahiyo ndio, mahali ulipo panaonekana. Walioandika sheria waliamua askari aweze kumfikia mrushaji haraka, na ukikumbuka yaliyotokea kiwanja cha ndege cha Gatwick, London, Desemba 2018 unaelewa walikotokea. Watu waliripoti kuona droni karibu na njia ya kurukia, kiwanja kikafungwa na kufunguliwa na kufungwa tena kati ya tarehe 19 na 21, safari kama 1,000 zikavurugika na abiria kama 140,000 wakaathirika siku za kuelekea Krismasi, na mpaka leo hakuna aliyepatikana na hatia. Hakuna aliyejua kilichopo angani ni nini na ni cha nani.

Maoni yangu, kwetu huku tuchague ile njia ya pili ambayo Ulaya wanaitumia ndani ya U-space, kitambulisho kinakwenda kwa mtandao wa simu mpaka kwenye mfumo, na mfumo unaamua raia wa kawaida aone nini na askari aone nini. Raia aone kuna droni iliyosajiliwa na iko kazini, basi, mahali pa mrushaji pabaki kwa wenye mamlaka. Yule mama wa Mombasa angepata jibu lake na wewe usingepata wezi. Kasoro yake ni porini kusikokuwa na netiweki, na huko ndiko unakorukia wewe. Huko inabidi ile ya kurusha moja kwa moja ibaki, sioni njia nyingine.

SWALI: Mwaka 2018 tulionyeshwa droni inaleta dawa hapa kisiwani kutoka Mwanza, tukapiga makofi. Rwanda wanaruka mpaka leo, sisi ilikwenda wapi? Au anga letu ni gumu? (Mhudumu wa afya, Ukerewe)

JIBU: Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja ndugu yangu. Lile lilikuwa jaribio la kampuni za DHL na Wingcopter pamoja na GIZ, shirika la maendeleo la Ujerumani, lilichukua miezi sita, droni ilikuwa inavuka kilomita 60 kutoka bara mpaka Ukerewe kwa dakika kama 40. Mtu aliyewahi kupeleka sampuli ya damu kwa gari na kivuko anajua dakika 40 maana yake nini. Mwezi Oktoba mwaka huo huo pakafanyika na yale mashindano ya droni ya Ziwa Victoria pale Mwanza. Kwahiyo anga la ziwa sio gumu, droni iliruka na ikarudi.

Jaribio linahitaji kibali cha jaribio. Unaifungia droni moja njia yake, unawaambia wengine wasipite, unamaliza. Malawi na UNICEF walifanya hivyo hivyo Kasungu mwaka 2017, walitenga duara la anga la kilomita 40 kila upande mpaka mita 400 kwenda juu kwa ajili ya majaribio tu. Ni njia nzuri ya kujifunzia. Ila huduma ya kila siku haiishi kwa kufungiwa anga, lazima ipishane na ndege ndogo za watalii, na helikopta, na droni za watu wengine, huku mrushaji yuko kilomita 60 haioni. Hapo unahitaji sheria ya kuruka mbali ya macho, na mfumo wa kuambizana, na mtu wa kuulipia kila mwezi.

Rwanda waliingia kwa mlango mwingine. Oktoba 2016 Zipline wakaanza Muhanga wakipeleka damu, baadaye wakaongeza Kayonza upande wa mashariki. Zile sio droni za kuelea, zina mabawa, zinatupwa na mtambo, zinakwenda kama kilomita 100 kwa saa, zikifika zinadondosha boksi kwa parachuti na kurudi, mzigo kilo moja na robo tatu. Njia zao zimepimwa mapema, na mamlaka ya anga ya kule ilikaa nao toka mwanzo. Mwaka 2018 wakatoa kanuni za namna tofauti kidogo, badala ya kukuorodheshea kifaa gani ufunge wanakuuliza wewe utahakikishaje usalama wa safari hii, thibitisha, ukithibitisha ruka. Serikali ndiyo ilikuwa mteja. Hicho cha mwisho ndicho kilichobeba mengine yote naona mimi.

Lakini na wao wana mtihani mbele. Kwa muda mrefu mrukaji mkubwa wa anga la chini kule alikuwa mmoja, na mmoja hahitaji kuambizana na mtu. Siku wakiwa wanne, mmoja wa damu, mmoja wa vifurushi, mmoja wa mashamba, mmoja wa polisi, itabidi wajenge kile nilichomweleza mwanafunzi wa Arusha. Na Ziwa Victoria lina nchi tatu, droni ikitoka Mwanza ikasukumwa na upepo, kuna siku itamulikwa na mfumo wa Kenya au Uganda. Ningetamani hizi nchi zikae sasa hivi, kabla anga halijajaa, wakubaliane lugha moja ya kompyuta, maana kanuni za kuunganisha mifumo tayari zipo wazi, hazihitaji kubuniwa upya. Wewe endelea kuwauliza wabunge wako. Usiulize droni iko wapi, uliza nani amepangiwa bajeti ya huduma.

SWALI: Kikundi chetu tumenunua droni ya kunyunyizia dawa mpunga. Juzi jioni tuko kazini ikatokea ndege ya kunyunyizia kwelea kwelea, chini kabisa, tulipagawa. Mwenzetu akabonyeza kitufe cha kurudi nyumbani. Tulifanya sawa? (Vijana wa Mbarali)

JIBU: Poleni vijana wangu, na asanteni kwa kuandika. Kitufe kile sicho. Droni nyingi ukibonyeza kurudi nyumbani zinafanya kwanza kitu kimoja, zinapanda juu mpaka urefu uliowekwa kwenye mipangilio, mita 30, 60, wengine wameweka 100, halafu ndio zinarudi. Inapanda ili isigonge miti njiani. Kwenu ina maana droni iliyokuwa mita tatu juu ya mpunga, mahali karibu salama kabisa, mmeinyanyua wenyewe mpaka kwenye njia ya ndege.

Angalieni hesabu yake. Ndege inayokwenda kilomita 200 kwa saa inakula mita 55 kila sekunde. Mkiisikia sauti, mkaangaliana, mkaamua, zimekwenda sekunde kumi, imeshasogea zaidi ya nusu kilomita. Droni ikiwa mita 100 juu na inashuka mita nne kwa sekunde inahitaji sekunde 25 kugusa chini, na ndani ya hizo sekunde 25 ndege imekwenda kilomita moja na mita mia tatu na zaidi. Kwahiyo hamtashindana nayo kwa mwendo. Ishusheni hapo hapo ilipo, hata kama ni kwenye maji ya jaruba, mashine itafutwa matope au itanunuliwa nyingine. Msiiache ikaelea mkitazama inakwenda wapi, na msijaribu kuikimbiza pembeni, maana rubani anageuka kila mara kufuata mahali hao kwelea kwelea wanapolala. Kote duniani anayempisha mwenzake ni droni, rubani yule hawezi kuwaona, kwa mwendo ule droni yenu kwake ni nukta.

Na dawa ya kwelea kwelea inapigwa jioni wanaporudi kulala, ambapo na nyinyi mnapenda kunyunyizia kwa sababu upepo umetulia. Mtakutana tena. Nendeni kwa afisa kilimo wa kata, mwambieni mna droni, mpeni namba ya simu ya mrushaji, na mumwombe kila ratiba ya ndege ya kunyunyizia inapofika awapigie simu nyinyi kwanza. Upande wenu nanyi mkipanga siku za kunyunyizia mpelekeeni, shamba gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, urefu gani. Leo itakuwa kwenye karatasi na simu, ndio boksi lile lile la hewa nililomweleza mwanafunzi wa Arusha. Kabla ya hapo fungueni mipangilio ya droni yenu jioni hii hii muone ule urefu wa kurudi nyumbani umewekwa ngapi, na kama mashamba yenu hayana miti mirefu wala nguzo, ushusheni.